Mitufaha kwa Kipimo cha Mkono wa Mama

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika nyumbani. Nimenyoa vichwa kwenye kila bahari yenye maji ya kutosha kubeba meli. Nimemnyoa nahodha katikati ya dhoruba bila kumchubua. Nimemnyoa bwana harusi aliyekuwa analia, na bibi harusi aliyekuwa anacheka. Leo nimerudi kunyoa miti.

Kazi hii nimepewa na dada yangu mkubwa, mwalimu mkuu huko mjini, ambaye tangu utotoni namwita Serikali kwa sababu akishaamua hakuna rufaa. Kisa ni hiki. Mavuno yaliyopita mama alipanda ngazi kufuata matufaha ya juu kabisa, ngazi ikamkataa, akaanguka na kuvunjika bega la kulia. Miti yenyewe aliipanda marehemu baba, na tangu tumzike haijaguswa na msumeno. Imepanda juu kama inamtafuta. Serikali akaitisha kikao kwa simu: mama akaishi kwake, ghorofa ya tatu.

Mama akamjibu, "Unanitoa kwenye ngazi ya mbao unipeleke kwenye ngazi ya saruji."

Wakavutana wiki nzima, kisha wakapatana. Miti ikishushwa mpaka mama aweze kuchuma akiwa amesimama chini kwa miguu yake, atabaki kwake. Ikianza kuchanua kabla haijashushwa, anahama. Meli yangu iko kwenye matengenezo hadi Septemba, kwa hiyo mwenye nafasi ni mimi. Na mwenye kipaji pia ni mimi, ila hilo hawakulisema kwenye simu.

Shule niliiaga mapema, tuliachana kwa amani. Lakini melini kila mwenye kazi yake huandika siku yake ilivyokwenda, nami nimezoea.

Jumanne, 4 Juni

Nimeikagua. Miti kumi na moja, mstari mmoja, kuanzia ukuta wa jikoni hadi kwenye uzio wa jirani. Imepukutika majani yote, kwa hiyo aibu yake iko wazi: matawi makavu, matawi yanayosuguana mpaka yametoka vidonda, machipukizi yaliyosimama wima kama watoto wanaojua jibu. Mmoja umemeza waya wa kuanikia nguo, umebaki mkia tu nje.

Nimewahi kupata wateja wabaya zaidi ya hawa.

Jumatano, 5 Juni

Nimenoa msumeno. Manyunyu. Nimelala mchana.

Alhamisi, 6 Juni

Mti wa kwanza, ule wa jikoni. Naandika kirefu maana watu watasema yao.

Nilianza kama ninavyoanza kichwa: pembeni, juu, kisha usafi. Kulikuwa na vijiti vifupi vyenye mafundo, vimejaa kila tawi kama chunusi shingoni. Mimi mteja mwenye chunusi simwachi aende hivyohivyo. Nikavipitia kimoja kimoja kwa mkasi. Kufikia mchana mti ulikuwa mlaini, umekaa sawa pande zote. Ungeweza kuupeleka harusini.

Jirani yetu, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi, akaja kuegemea uzio.

"Kinyozi, mti huu umekufa au umefiwa?"

"Huo unaitwa mtindo, baba."

"Na matunda utazalia wapi?"

"Ulitaka uzalie wapi, hospitali?"

Mama alitoka jikoni na upawa mkononi. Akainama kwenye lundo, akaokota kijiti kimoja kifupi, akakigeuzageuza. "Baba yenu alikuwa anaviita matiti," akasema. "Tunda linatoka hapa." Akautazama mti, akalitazama lundo. "Huyu umemwachisha kunyonyesha, mwanangu."

Redio alicheka mpaka uzio ukacheza.

Mama hakucheka wala hakununa. Akaniambia pia kwamba mti ukiushusha wote mwaka mmoja unakasirika, unaotesha fagio. Theluthi mwaka huu, theluthi mwakani, theluthi mwaka wa tatu, ndivyo alivyofanya baba. Nikamwambia miaka mitatu sina, nina miezi mitatu, na meli haisubiri mti ukasirike.

"Basi nishushie tu nifike," akasema. "Matiti uniachie."

Ndipo tukapata kipimo. Mama akasimama chini ya mti, akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vyake vilipoishia nikafunga uzi mwekundu kwenye tawi, na kila kilichokuwa juu ya uzi nikakiondoa. Nilimuuliza mbona asinyooshe wa kushoto, ulio mzima. Akasema wa kushoto hushika kikapu, tena haujui kuchuma, unang'oa.

"Kata fimbo ya kimo hicho," Redio akaingilia, "umpime nayo kila mti, mama akae zake ndani aote moto."

"Kinyozi hapimi kwa rula," nikamwambia. "Kila kichwa na kipimo chake."

"Mwache," mama akadakia upesi. "Mimi napenda kusimama."

Jumatatu, 10 Juni

Mti wa pili. Matiti yote yamebaki. Redio amekuja kuyahesabu, kaondoka mapema. Siku njema.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua.

Jumatano, 19 Juni

Mti wa tatu, ule uliomeza waya. Msumeno ulilia kama mtu. Serikali amepiga simu jioni. Nimemwambia mambo yako shwari, mama anafika kila tawi kama anabisha hodi.

"Mkono wake unaendeleaje?"

"Mkono wa mama? Mkono ule ungeweza kuongoza magari."

"Sikuulizi kwa utani."

"Nami sikujibu kwa utani, Serikali."

Akakata. Mtu huyu alizaliwa amevaa miwani.

Jumanne, 25 Juni

Mama kahamisha vikombe vyote kutoka rafu ya juu, kavipanga mezani chini ya kitambaa. Nimemuuliza kama tunafungua hoteli. Kasema rafu ina vumbi. Nikapanda kuifuta, haikuwa na vumbi. Wanawake na kuhamahamisha vyombo, hata melini mpishi wa kike alikuwa hivyohivyo: leo chumvi kushoto, kesho kulia, mabaharia wote wanakula bila chumvi.

Jumamosi, 29 Juni

Mti wa nne. Nimeukata vizuri hata mimi mwenyewe nimekaa kuutazama. Katikati wazi, mwanga unapita. Ndege akiruka haguswi bawa. Kama kungekuwa na chuo cha kazi hii ningeingilia kwenye ualimu.

Alhamisi, 4 Julai

Baridi kali. Mama anaanika nguo juu ya uzio wa Redio. Kamba mpya niliyomfungia inaning'inia bure. Redio anasema sasa uzio wake una shughuli kuliko yeye.

Jumatatu, 8 Julai

Mti wa tano. Mama alisimama akanyoosha, nikafunga uzi, nikakata. Sasa tunakwenda kama wacheza dansi wazee: yeye anainua, mimi nafunga, hakuna anayesema. Tawi likianguka anasogea kidogo tu, hata hageuki.

Nimemsimulia habari za yule mteja aliyelala nikimnyoa akaamka bandari nyingine. Hajaamini. Nusu yake ni kweli.

Jumapili, 14 Julai

Nimemsuka mama. Kasema mwanamke anayemsukaga ana mafua. Miaka ishirini kazini na sijawahi kumsuka mama yangu. Kichwa chake kidogo kuliko nilivyodhani. Nikamwambia kwa kichwa kama hiki ningemtoza nusu. Kasema yeye alinibeba miezi tisa na hakunitoza hata robo.

Ijumaa, 19 Julai

Mti wa sita na wa saba, siku mbili mfululizo. Kuni zimejaa hadi dirishani.

Jumanne, 23 Julai

Hakuna kitu.

Jumamosi, 27 Julai

Mti wa nane. Huu ilibidi niukate sana. Nikabaki na kisiki chenye mikono mifupi. Redio akauliza, "Huu ni mti au kigoda?" Nikamwambia nimepata kasi. Mama akasema, "Mwanangu ana kasi." Alikuwa amevaa ile sweta ya vifungo. Anaivaa kila siku. Nikimwambia avae ile nene ya kuvalia kichwani, ya samawati, niliyomletea mwenyewe kutoka nchi ya barafu, anasema inamwasha.

Serikali amepiga simu, nimemshtakia habari ya sweta; anakuja katikati ya Agosti kukagua. Amesema "kukagua". Nikamwambia aje na kalamu nyekundu.

Jumapili, 4 Agosti

Mti wa tisa. Wakala wa meli amepiga pia: matengenezo yanaisha, kiti changu cha kunyolea wamekiwekea ngozi mpya. Nikamwambia amesema jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Ijumaa, 9 Agosti

Mti wa kumi. Macho ya matawi yameanza kuvimba. Zimebaki wiki chache maua yatoke.

Jumanne, 13 Agosti

Mti wa kumi na moja, kwenye uzio. Nimemaliza. Miti yote imeshuka kabla ya ua la kwanza, mapatano yametimia, mama anabaki. Nimempigia Serikali kumtangazia ushindi. Amesema "tutaona". Nimekwenda kwa Redio tukaota jua hadi likatuchoka. Nikamwonyesha mstari mzima nikamwambia, baba akifufuka leo ataniomba kazi.

Jumamosi, 17 Agosti

Dada amekuja. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Alifika asubuhi, akamsalimia mama, akanywa chai amesimama. Kisha akaenda mlangoni pa jikoni, pale mstari unapoanzia, akatazama hadi mwisho. Mimi nilikuwa nyuma yake nimekunja mikono nasubiri sifa. Nilikuwa na majibu yake yote tayari, ya unyenyekevu na ya kujivuna.

"Mbona inateremka?" akauliza.

"Nini?"

"Miti. Mbona inateremka?"

"Ardhi ndiyo inateremka."

"Ardhi ya hapa haijawahi kuteremka popote. Maji ya mvua yanasimama hapa tangu tunazaliwa."

Nikatazama. Nilikuwa nimeitazama miti hiyo mmoja mmoja tangu Juni. Mstari wake sikuwahi kuutazama. Ule wa jikoni ulimpita dada kichwa kwa kiganja na zaidi. Wa tatu ulikuwa sawa na kichwa chake. Wa sita, macho. Wa nane, kidevu. Wa mwisho kwenye uzio ulikuwa kifuani. Ilikuwa kama ngazi, imelazwa shambani, inashuka kutoka kwetu kwenda kwa Redio.

"Ulipima na nini?" dada akauliza.

"Na mkono wa mama."

"Kila mti?"

"Kila mti."

Aliingia ndani, akatoka naye amemshika kiwiko cha kushoto, akampeleka hadi mti wa kwanza, taratibu, kama mtu anayempeleka mtoto ubaoni.

"Mama, gusa uzi."

Uzi mwekundu ulikuwa bado pale. Mama akautazama.

"Leo nimechoka," akasema.

"Gusa tu, mama yangu."

Mama akainua mkono. Ulifika kifuani ukasimama. Bega likapanda kumsaidia, shingo ikapinda, mkono haukwenda. Akaushusha, akaufuta kwenye sketi kana kwamba ulikuwa na unga.

Redio alikuwa kwenye uzio. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizima, akaingia kwake.

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Unaganda pole pole. Asubuhi ni mbaya, jioni una nafuu."

"Na ile sweta ya samawati inakuwasha."

"Inaniwasha," mama akasema. Kisha akasema, "Haipiti."

Mimi mtu nikimwona kisogo namjua: ana deni, ana mke, ana homa. Kisogo cha mama nimekuwa nacho mbele yangu tangu Juni, hata kukisuka nimekisuka.

"Sasa, mama, kwa nini ulinyamaza?" nikamuuliza. "Unasimama kwenye baridi unanipimia uongo?"

"Uongo gani? Kila siku nilikupa mkono niliokuwa nao." Akanigeukia. "Ungekata ile fimbo ya Redio, siku ya mti wa pili mngejua. Mngenipakia. Miti ingebaki mirefu na mimi ningekuwa ghorofani nahesabu paa za watu. Nikasema ngoja, huyu hapimi kwa rula, na akate. Mkono ukishuka na mti unashuka. Ule wa mwisho nitauchuma nimekaa kwenye kiti."

Nimekaa na walanguzi, nimekaa na wanasheria, nimekula meza moja na mtu aliyeuza jengo lisilo lake. Hakuna aliyewahi kunizunguka hivi.

Dada alivua miwani akaifuta. Nilidhani atalia, hakulia. "Sawa," akasema. "Miti imeshuka. Mapatano ni mapatano, sitayavunja. Lakini nani atamfunga hivi vifungo mkono ukiganda kabisa? Nani atamwinulia sufuria? Mimi nina shule yenye watoto mia nane, siwezi kuja kila asubuhi. Nilisema miti kwa sababu ndiyo niliyoiona. Kumbe haikuwa miti."

Akanitazama. Mama akamwona ananitazama.

"Usimfunge," mama akasema. "Ana meli yake."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, mzuri. Nikaumeza. Nikamwambia dada asogee, amekanyaga tawi langu.

Jumatatu, 19 Agosti

Dada amempeleka mama hospitali. Bega limeganda kwa ndani, wamesema anyooshwe kila siku, asubuhi na jioni, na mtu wa kumnyoosha. Linaweza kurudi kwa mwaka, linaweza kwa miwili, linaweza lisirudi lote. Mama amesema hata yeye angeweza kuwa daktari kwa majibu hayo.

Wamekubaliana wao wawili: Jumamosi ya tarehe 31 dada anakuja na gari kumhamisha. Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Mimi sikuulizwa, maana nina meli.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemnyoosha mkono. Anahesabu kwa sauti ili asipige kelele.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemnyoosha. Kasema nina mikono laini kwa mtu muongo.

Jumatatu, 26 Agosti

Mti wa jikoni, ule niliounyoa wa kwanza, umeotesha machipukizi kila mahali, wima, kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Fagio. Hautazaa mwaka huu. Miti mingine ina macho ya maua kwenye matiti yake, manene, yenye manyoya ya kijivu. Mama amepita kwenye mstari akiigusa, kuanzia uzio, akaishia katikati, mkono ulipokoma.

Alhamisi, 29 Agosti

Mama amefunga mizigo. Sufuria anaziacha kwa mke wa Redio. Redio mwenyewe amenijia barazani, amekaa muda mrefu.

"Ukienda kule," akasema, "wanakutunza?"

"Wapi, melini? Kule mimi ni mfalme."

"Aa. Vizuri." Akakuna kisogo. "Hapa mtaani hakuna kinyozi, unajua. Tunanyoana kwa mkasi wa kondoo."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Kichwa chako."

Hakukasirika. Akaaga.

Jumamosi, 31 Agosti

Ua la kwanza limefunguka leo, mti wa tisa. Jeupe na wekundu kidogo nyuma.

Gari lilikuja na dada, gari dogo la mizigo, na dereva anayetafuna kijiti. Tulipakia godoro, kitanda, sanduku, kiti. Mama alikaa mbele tayari, mkoba magotini, anatazama kioo cha mbele kana kwamba gari lilishaondoka. Dada alikuwa anazunguka anafunga kamba. Hakunisemesha, na hakuwa amenuna. Nilimwona amechoka. Nilimwona mtu aliyebeba hii kazi peke yake miaka yote niliyokuwa mfalme.

Simu yangu ikalia. Wakala. Spika ya sikio imekufa, kwa hiyo huwa naweka sauti ya nje, kila mtu akasikia.

"Kinyozi wangu," wakala akasema, "tunaondoka tarehe kumi. Kiti chako kimeng'arishwa. Tiketi nitume leo?"

"Weka mtu mwingine."

"Unasemaje?"

"Weka mtu mwingine kwenye kiti."

Dada aliacha kufunga kamba. Mama hakugeuka, lakini kwenye kioo cha pembeni nilimwona amefumba macho.

"Una nini wewe, umeoa?" wakala akauliza. "Mpaka lini?"

"Mpaka miti ifike mkono wa mama ulipo."

"Mkono upo wapi?"

"Unashuka," nikamwambia.

"Simu yako mbovu," akasema. "Nipigie kesho, tuongee kama watu."

Dada akaanza kufungua kamba aliyokwisha kuifunga. Dereva akatoa kijiti mdomoni. "Jamani, tunapakia au tunashusha? Mbona mnanichezea?"

"Shusha," dada akasema.

Mama alishuka mwenyewe, upande wa kushoto, bila kushikwa. Akaniambia godoro lisiburuzwe.

Jumapili, 1 Septemba

Sikumpigia. Tulikuwa na matawi ya kuchoma.